Fuwele Nane

Niliikuta chini ya kreti la sufu za Aune,
nzito kama tofali, vumbi limeifuta sura:
skana yangu ya mwaka sabini na saba,
taa nane nyekundu usoni, fuwele nane tumboni.
Kila fuwele niliinunua kwa mshahara wa gereji,
moja kwa mwezi, kama mtu anayemaliza mahari.
Moja ya sherifu. Moja ya zimamoto.
Moja ya magari ya kusukuma theluji,
na moja ambayo sikuwahi kuitambua,
mzee fulani akitaja namba za mabehewa usiku.

Nikaichomeka ukutani. Taa zikakimbizana,
kushoto kulia, kushoto kulia,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba zilizohamwa.
Saa nzima.

"Wamehamia dijitali, mzee," akaniambia Colby,
kijana wa dukani kule Marquette, pete puani.
"Sauti siku hizi inakatwakatwa kuwa namba,
inarushwa, inaungwa tena upande wa pili.
Mnara ndio unaochagua njia."
Nikamuuliza: na asiye na mashine ya kuungia?
Akapandisha mabega.

Nililipa kuliko nilivyolipia gari langu la kwanza.
Hii mpya ni kama mche wa sabuni,
haitaki fuwele, yataka namba ya posta tu,
na tayari inawajua majirani zangu wote.

Nikaiweka palepale, kati ya birika na dirisha.
Sauti ya kwanza ilitoka kama ya mtu ndani ya ndoo,
maneno yakavunjika, ga... mbi... ji...
kisha yakanyooka ghafla, safi mno,
bila mkwaruzo, bila ule mchanga
ulionijulisha zamani kuwa msemaji yuko nyuma ya kilima.

Polisi siwasikii. Wamejifungia kwa kufuli la hesabu.
Taa inawaka, jina linapita kiooni, kimya.
Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikamkumbuka
mama Hietala, miaka ile, anwani yake ikisomwa hewani
usiku mumewe alipompiga,
na asubuhi foleni nzima ya posta ikimtazama viatu.
Sote tulikuwa tumesikia. Nami nilisikia,
kikombe cha kahawa mkononi.
Kufuli hilo sijamaliza kulifikiria.

Zimamoto bado wako wazi.
Enzi zile alikuwa Verna kwenye maikrofoni:
hakusoma namba ya nyumba, alisema
"kwa akina Saari, pita zizi lililoanguka."
Aune akimsikia husimama, mikono ina unga,
kwa kuwa Eino wetu alikuwa juu ya gari lile.
Hakuomba kwa maneno. Alihesabu.
Likija lile "wote wametoka," alirudi kukanda.

Aune hayupo. Eino yuko Arizona,
anachimbia watu mabwawa ya kuogelea.
Msemaji sasa ni binti nisiyemjua,
anamalizia kila wito kwa kutaja saa,
kama anayefunga kifungo cha koti.

Jana usiku, baridi ya kupasua miti,
akaita: moto kwenye bomba la moshi,
Barabara ya Heikkinen, mia nne kumi na mbili.
Mimi ni mia nne na kumi.

Sikukimbia; magoti haya yalishastaafu.
Nikavaa buti bila kufunga kamba,
nikawasha taa ya mlangoni, nikachukua koleo,
nikafukua kibao cha namba cha jirani,
theluji ilikuwa imekimeza mpaka shingoni.
Nilipofika kwenye mbili ya mwisho
miti ikaanza kugeuka nyekundu, kisha nyeupe, kisha nyekundu,
na nyuma yangu, kupitia dirisha nililosahau kulifunga,
binti yule alikuwa akitaja saa:
nane na dakika kumi na tisa.